Haidrojeni Isiyoliwa: Je, Kuwazia Viumbe Chini ya Barafu ni Kupiga Ramli?

Tarehe 28 Oktoba 2015 chombo cha angani Cassini kilipita kilomita 49 tu juu ya ncha ya kusini ya Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita zipatazo 500, kikakata katikati ya mvuke na chembe za barafu zinazorushwa kutoka kwenye nyufa nne ndefu za ganda lake. Kilikuwa kinakwenda zaidi ya kilomita 8 kwa sekunde, kwa hiyo hakikukaa ndani ya mvuke huo hata dakika chache, lakini katika muda huo kilionja bahari ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona. Matokeo yalichapishwa Aprili 2017: karibu mvuke wote ulikuwa maji, yakiwa na kaboni dayoksaidi kidogo, methani kidogo, na haidrojeni kati ya asilimia 0.4 na 1.4. Namba hii ni ndogo na ni rahisi kuipita haraka. Mimi nimeshindwa kuipita, kwa sababu ndani yake yamo mabishano yote kuhusu iwapo tuna haki ya kuwazia viumbe hai katika bahari zilizofunikwa na barafu, au tunapaswa kunyamaza mpaka kiumbe chenyewe kionekane.

Wanaotaka tunyamaze wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wasio na ndoto. Wanamkumbuka Percival Lowell, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliangalia sayari ya Mirihi kwa darubini akaona mistari. Mistari ikawa mifereji, mifereji ikahitaji wachimbaji, wachimbaji wakahitaji ukame wa kuwalazimisha kuchimba, hata ikapatikana historia nzima ya taifa la viumbe wanaopigania maji. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilituma picha, na pale palipotarajiwa mifereji pakaonekana mashimo ya vimondo na ardhi kavu. Wanaoonya wanasema kwamba leo tunarudia kosa lile lile katika Europa, mwezi wa Mshtarii: tumepata dalili za bahari, na kabla hata ya kuigusa tayari imechorwa samaki wanaowaka taa na viumbe wenye minyiri kama pweza. Wananchi wanaolipia safari hizi, wanasema, wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Maji si uhai, na kutoka kwa moja kwenda kwa jingine ni kupiga ramli.

Hoja yao iliyo kali kuliko zote haisikiki mara nyingi, nami nitaieleza kwa sababu naikubali. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, chombo cha kuzamia Alvin kilishuka kina cha takriban kilomita 2.5 kikakuta chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wengi mno kwa mahali pa giza totoro. Baadaye watafiti walipowachunguza minyoo wakubwa wa mirija wanaoishi katika chemchemi hizo, waliwakuta hawana mdomo wala utumbo. Ncha yao ni nyekundu kwa sababu ya damu, na damu hiyo hubeba salfaidi, kemikali yenye salfa itokayo kwenye chemchemi, pamoja na oksijeni hadi kwa bakteria waliojaa ndani ya mwili wa mnyoo, nao bakteria ndio wanaomlisha. Tangu hapo tunaambiwa kwamba minyoo hao hawalihitaji jua. Lakini oksijeni iliyo katika damu yao imetengenezwa na usanisinuru huko juu, penye mwanga, ikashuka na maji hadi chini. Anayemhamisha mnyoo huyo kwenda Europa amelibeba jua ndani ya mzigo wake bila kujua.

Europa ina njia yake ya kupata oksijeni. Mionzi inayozunguka Mshtarii huipiga barafu ya juu na kuivunja, na oksijeni hubaki. Swali ni kiasi gani. Chombo Juno kilipita karibu na mwezi huo Septemba 2022, na uchambuzi wa vipimo vyake uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kilo 12 hivi kwa sekunde kwa mwezi mzima, ilhali baadhi ya makadirio ya zamani yalizidi kilo 1,000. Sehemu tu ya hizo 12 ndiyo inayoweza kushuka kupitia ganda la barafu ambalo huenda lina unene wa kilomita 15 hadi 25. Kwa hesabu hiyo, yule pweza wa Europa amebanwa sana.

Hata hivyo, tuangalie ni nani aliyembana. Kilo hizo za oksijeni zina maana kwa habari ya uhai kwa sababu wapo waliowazia kiumbe anayepumua chini ya barafu, wakajiuliza hewa yake itatoka wapi na itamfikiaje. Huko ndiko kuwaza ninakokutetea. Wengi wanadhani kazi ya mwanasayansi anayewazia uhai wa mbali ni kuchora mnyama. Sehemu kubwa ya kazi yake ni ya mtunza hesabu, anayeuliza kilichoingia ni kiasi gani, kilichotumika ni kiasi gani, na kilichobaki kinamtosha nani. Kiumbe asiyeweza kulipiwa gharama zake hufutwa kwenye daftari, hata akiwa mzuri namna gani.

Turudi basi kwenye haidrojeni ya Enceladus, maana hapo ndipo daftari linapovutia zaidi. Maji yakipenya kwenye mawe yenye chuma na madini ya aina fulani, hasa yakiwa na joto, chuma hubadilika na haidrojeni huachiliwa. Hapa duniani kuna vijidudu vinavyochukua haidrojeni hiyo, vikaiunganisha na kaboni dayoksaidi, vikatoa methani na kujipatia nishati, bila oksijeni na bila mwanga. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng huko Afrika Kusini, katika kina cha kilomita 2.8, ilipatikana bakteria ambayo nishati yake haitoki kwenye jua: mionzi ya urani iliyo ndani ya mwamba huyavunja maji, nayo hutumia haidrojeni inayotokea. Kwa hiyo ile asilimia 0.4 hadi 1.4 ni chakula, tena chakula cha aina inayojulikana kuwa inaliwa.

Wenye mashaka wana jibu la busara: chakula hicho kimebaki. Meza ikikutwa imejaa, je, hiyo si dalili kwamba hakuna mgeni aliyefika? Kama vijidudu vingekuwa vimeishi humo kwa muda mrefu, vikizaana kama vinavyozaana hapa kwetu, vingekuwa vimekwisha kumaliza akiba, na Cassini ingeonja maji yasiyo na haidrojeni. Nimelirudia jibu hili mara nyingi, na kila mara naona halivunjiki kirahisi.

Linaweza kujibiwa, lakini kwa uangalifu. Kwanza, huenda mawe yanatoa haidrojeni kwa kasi kuliko inavyoliwa. Katika chemchemi za Lost City, zilizogunduliwa mwaka 2000 chini ya bahari ya Atlantiki, kuta za minara ya chokaa zimejaa vijidudu, na bado maji yanayotoka humo yana haidrojeni nyingi. Wapo walaji, na chakula kinabaki. Pili, huenda walaji wanazuiwa na upungufu wa kitu kingine, na kwa miaka mingi kilichoshukiwa kilikuwa fosforasi, ambayo uhai tunaoujua hauwezi kuikosa, na ambayo haikuwa imeonekana humo kabisa. Mwaka 2023 watafiti waliozipitia upya data za Cassini waliripoti fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, katika chembe za barafu, kwa kiwango kinachoonyesha kwamba bahari hiyo ina angalau mara 100 ya kilichomo katika bahari zetu. Wenye matumaini waliufurahia ugunduzi huo, na walikuwa na haki. Lakini katika hesabu hii umewaondolea kisingizio kimoja, kwa kuwa mlaji aliyekuwa anasemekana kukosa fosforasi sasa anayo tele. Tatu, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko mengine, huenda walaji wapo mahali pachache tu, kando ya chemchemi penye joto linalofaa, na mvuke unaorushwa juu umechanganyika na maji ambayo hawakuwahi kuyagusa.

Uzuri wa majibu hayo ni kwamba kila moja linaweza kupimwa. Lipo pia jibu la nne, kwamba bahari ile ni tupu, na anayewaza kwa uaminifu hana budi kuliweka mezani pamoja na mengine. Bahari yenye maji, joto, chakula na fosforasi, lakini isiyo na kiumbe hata mmoja, ingetufundisha kuhusu mwanzo wa uhai jambo ambalo dunia yetu haiwezi kutufundisha, kwa kuwa hapa hatuna bahari tupu ya kulinganisha.

Nao wanaosema tusubiri data kwanza, waliangalie jambo moja. Kifaa cha Cassini kilichoupima mvuke huo kiliweza kupima molekuli zenye uzito usiozidi vizio 99 vya uzito wa atomu. Amino asidi ni molekuli zinazojenga protini; iliyo ndogo kabisa, glaisini, ina uzito wa 75, na alanini 89. Serini inafika 105, na nyingi zilizobaki ni nzito zaidi. Waliokitengeneza hawakukosea. Cassini iliondoka duniani mwaka 1997, na kifaa hicho kilibuniwa hasa kwa ajili ya hewa ya Titan, mwezi mwingine wa Zohali. Mvuke wa Enceladus ulikuja kugunduliwa mwaka 2005. Lakini matokeo yake ni kwamba tulipita ndani ya bahari ngeni tukiwa na mizani inayoishia 99. Kifaa kingine, kilichokusudiwa kwa ajili ya vumbi, ndicho kilichoonyesha, katika utafiti wa mwaka 2018, kwamba chembe hizo zina vipande vya molekuli za kaboni vyenye uzito unaozidi 200. Data haziji zenyewe. Huja kwa kifaa, na kifaa hutengenezwa kwa kufuata swali la mtu aliyewaza miaka mingi kabla.

Chombo Europa Clipper, kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024 na kinachotarajiwa kufika kwa Mshtarii mwaka 2030, kitapita karibu na Europa mara 49. Hakikutumwa kutafuta uhai wenyewe. Kimetumwa kuchunguza kama mahali pale panaweza kuubeba. Kimebeba rada ya kuchungulia ndani ya barafu pamoja na vifaa vya kuonja gesi na vumbi, na miaka hii ya kukisubiri ndiyo wakati wa kukubaliana ni kitu gani kitahesabiwa kuwa ushahidi. Methani peke yake haitoshi, kwa kuwa mawe pia huweza kuitoa. Amino asidi pekee hazitoshi, kwa kuwa zimekutwa hata ndani ya vimondo. Uwiano wa zile nyepesi na zile ngumu kutengenezwa ungesema zaidi. Lowell hakuwahi kutaja jambo ambalo, likionekana, lingemfanya aikane mifereji yake. Wanaowaza kuhusu Enceladus na Europa leo wanayataja mambo hayo kwa maandishi na kwa namba, kabla chombo hakijafika.

Wako pia waliowaza wakakubali kulipa. Septemba 2003 chombo Galileo, ambacho ndicho kilichotuletea dalili za bahari ya Europa, kiliongozwa makusudi hadi kikateketea ndani ya Mshtarii, ili kisije siku moja kikaangukia Europa na kuipelekea vijidudu kutoka duniani. Tarehe 15 Septemba 2017, miezi mitano baada ya habari ya haidrojeni kutangazwa, Cassini nayo ilitumbukizwa ndani ya Zohali, huku ikiendelea kutuma vipimo hadi antena yake ilipoacha kuielekea dunia, kwa ajili ya viumbe ambao huenda hawapo.