Asilimia ya Mfanano Haimtambui Mwizi

Vipo vyuo ambavyo programu ya ukaguzi, inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi ya wengine, ikionyesha mfanano umevuka kiwango, kazi ya mwanafunzi inakataliwa hapohapo. Wanaotetea ukali huu wana hoja nzito. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alivuliwa shahada ya udaktari kwa sababu tasnifu yake ilikuwa na vifungu vingi vya watu wengine bila kutaja vyanzo. Akajiuzulu. Mwaka 2013 yakamfika waziri wa elimu, Annette Schavan, kwa tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 1980. Miaka zaidi ya thelathini haikumwokoa.

Hata hivyo, programu hizi hupima hasa maneno yanayofanana. Aliyenukuu kifungu cha sheria neno kwa neno, akaweka alama za kunukuu na kutaja chanzo, anaweza kupata asilimia kubwa kuliko aliyeiba hoja nzima na kubadilisha maneno. Tuseme kitabu kinasema: “Ukataji miti ovyo huongeza mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko.” Mwanafunzi anaandika: “Ufyekaji wa misitu kiholela huzidisha kumomonyoka kwa ardhi kwenye miinuko.” Programu inaweza kumpitisha, ilhali muundo wa sentensi na wazo lenyewe ni vya mwenyewe aliyeandika kitabu, na jina lake halipo popote.

Je, huyu ni mwizi? Mtafiti wa Marekani Rebecca Moore Howard ametetea tangu miaka ya 1990 kwamba uandishi wa kuunga viraka namna hii mara nyingi ni hatua ya kujifunza: mtu hajaielewa mada, kwa hiyo anang'ang'ania sentensi za aliyeielewa. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuelezwa kuwa hata wazo lililoandikwa upya linahitaji kutajiwa chanzo, kumfukuza ni kumwonea. Afunge kitabu, aeleze kwa mdomo alichokisoma, kisha aandike na kumtaja mwandishi, mwaka na ukurasa.

Ila huruma hiyo simpi aliyelipa mtu amwandikie tasnifu. Huyo alijua anachokifanya, na aliyekesha akiandika yake mwenyewe ana haki ya kuona shahada zao hazilingani.