Makaa yakishajaa sumu yataenda wapi?
Asante kwa habari yenu ya makaa ya vifuu na pumba za mpunga, yanayochomwa bila hewa ili yanase madini yenye sumu kama risasi na kromu kwenye maji ya viwandani. Nimeifurahia kweli. Ila mmeruka jambo zito: madini hayaozi wala hayaungui, yanahamia kwenye makaa tu. Huku bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tunamwagilia mchicha maji ya mto, na asubuhi nyingine nakuta povu limeganda kwenye matuta. Makaa yale yakitupwa ovyo, mtu atayaokota akapikie, au atayamwaga shambani akidhani mbolea. Tafadhali rudini kwa wataalamu mkaulize: nani atayakusanya, na yatafukiwa wapi?