Hisabati ni kweli, au tumekubaliana tu?

Wanaosema hisabati ni makubaliano tu hawakosi hoja. Jiometri ya Euclid ilishikwa kama kweli pekee kwa miaka zaidi ya elfu mbili, hadi mwanahisabati Mrusi Lobachevsky alipochapisha jiometri nyingine mwaka 1829. Kisha mwaka 1931 mwanamantiki Kurt Gödel akaonyesha kwamba mfumo wa kanuni usiojipinga, unaotosha kubeba hesabu za kawaida, huwa na sentensi za kweli usizoweza kuzithibitisha. Watu hudakia hapo: basi, ukweli haupo! Ajabu, maana alichotenganisha Gödel ni ukweli na uthibitisho, hakuufuta ukweli.

Aliyesoma faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu, katika darsa za Lamu anaijua mas'ala hii. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Jumlisha kwa sudusi, yaani sehemu za sita: sudusi tatu na sudusi nne ni sudusi saba, na mali yote ni sudusi sita. Jambo hili lilipozuka zama za Khalifa Umar, ilipitishwa aul: mali igawanywe mafungu saba, mume achukue matatu, dada manne. Sahaba Ibn Abbas hakuridhia. Kwake, wa kupunguziwa ni dada. Walichobishania, basi, ni nani apunguziwe. Hakuna aliyedai kwamba nusu na thuluthi mbili zinaenea ndani ya mali moja, ingawa dai hilo lingempa kila mrithi haki yake kamili na ugomvi ukaisha. Kama hesabu ni makubaliano, mbona hawakukubaliana hapo?

Kanuni za namba hazikuthibitishwa kutoka popote pengine, kweli. Tunaziamini kwa matunda yake, na sioni kwa nini sababu hiyo idharauliwe.

Mpinzani atasema mali hushikika, seti (mikusanyiko ya vitu) zisizo na mwisho hazishikiki. Hapo ana haki. Georg Cantor, mwanahisabati wa seti hizo, aliuliza kama kuna ukubwa wowote wa seti baina ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa namba zote za mstari. Kazi za Gödel na Paul Cohen, aliyekamilisha upande wake mwaka 1963, zilionyesha kwamba kanuni za kawaida za seti haziwezi kulithibitisha wala kulikanusha wazo la kwamba haupo. Kwa suala hilo nasita kutamka "kweli", na naliacha wazi. La mirathi nimelifunga.