Herufi nzito za bango na herufi nzito za kamusi

Tangu 2016 WhatsApp waruhusu ukiweka neno katikati ya nyota mbili linakuwa zito, matangazo ya kwenye magrupu yamekuwa mazito kweli, mtu anaandika aya ya mistari kumi, mistari sita kati ya hiyo kaiboldi, ukimuuliza anakwambia nasisitiza. Mimi naona hapa tunachanganya kazi mbili.

Herufi nene zilivyoanza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa za mabango, za kumvuta mpita njia asome bei au tarehe ya mnada. Halafu 1845 Robert Besley wa kiwanda cha herufi cha Fann Street, London, akatoa herufi zinaitwa Clarendon, hizi zikawa za kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida ili neno lionekane haraka, kwenye kamusi kwa mfano. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu uone, kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa maana, kimekolezwa na jicho linateremka ukurasa mzima bila kusoma maana hata moja mpaka lifike kwenye neno lako, na ukitoa huo uzito kamusi inakuwa msitu.

Sasa wanaotetea kuboldi ndani ya habari wana hoja, tena nzito. Simu ni ndogo, watu wana haraka, na kuna neno likipita bila kuonwa ni hasara, kama lile SI kwenye swali la mtihani "lipi kati ya haya si sahihi", au "usimpe mtoto" kwenye karatasi ya dawa. Hapo koleza kabisa, mimi sibishi.

Ila kwa msisitizo wa kawaida Kiswahili kina vyombo vyake. Mwingereza akitaka kusema ni Asha na si mwingine, mdomoni anakaza sauti, kwa hiyo kwenye karatasi mara nyingi anahitaji herufi ya kumsaidia. Sisi tunasema Asha ndiye aliyechukua pesa, au pesa ndizo alizochukua Asha, na msisitizo umeshakaa ndani ya sentensi. Na jaribu hili, tangazo la msiba likifika kwenye grupu la ukoo kuna mtu atamsomea bibi ambaye macho yameshachoka, zile nyota zote zinapotea njiani lakini "kesho ndiyo tunazika" inafika vilevile. Hata programu nyingi za kuwasomea wasioona, kwa kawaida hazitaji kwamba neno hili ni zito.

Kuna na upande ambao watetezi hawaugusi kabisa, kwamba ukikoleza kitu umefifisha kilicho jirani yake. Niliwahi kusaini karatasi ya mkopo, BILA DHAMANA ilikuwa nzito na kubwa, mstari wa chini yake faini ya kuchelewesha rejesho imeandikwa kwa herufi za kawaida, nyembamba, na mimi jicho langu lilienda pale pale walipotaka liende. Hakuna uongo ulioandikwa mule. Lakini faini niliilipa miezi miwili mfululizo, na siku hizi nikipewa karatasi ya kusaini naanza na yale ambayo hawakuyakoleza, nikimaliza ndiyo narudi kwenye yale mazito.