Tuta Langu, Mafuriko ya Jirani

Mto uliofurika ukizuiwa na tuta ukingo wa kulia, maji hayapotei. Yatapanda ukingo wa kushoto, au yatateremka kwa nguvu zaidi kumfuata anayeishi chini ya mto. Mji unaojikinga peke yake huwa mara nyingi umemsukumia jirani hatari yake. Ndiyo maana wataalamu wengi wanataka kinga ya mafuriko ipangwe kwa bonde zima la mto, si kila mji kujipangia wake. Ninawaunga mkono. Lakini mpango wa bonde zima nao una watu unaowaumiza, na hao hutajwa kwa haraka mno.

Wanaotetea matuta wana haki ya kusikilizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta kusini-magharibi mwa Uholanzi, na watu 1,836 wakafa nchini humo. Miongo ya ujenzi wa mabwawa na malango ya kuzuia bahari ikafuata, na bila kinga hizo sehemu kubwa ya nchi ile isingekalika. Tena tuta halina mlolongo wa vikao: mwenye mtoto anayelala hatua chache kutoka mtoni hataki kuambiwa asubiri majimbo matatu yaelewane.

Kasoro ya tuta ni kwamba huwatoa watu hofu. Pakishakauka nyuma yake, nyumba zinaongezeka, kisha viwanda, na siku maji yanapolizidi, wa kuokolewa ni wengi kuliko waliokuwapo kabla halijajengwa.

Swali gumu linabaki: ikiwa lazima maji yapewe mahali pa kutulia, patakuwa kwa nani? Mwaka 1927, mto Mississippi wa Marekani ulipofurika, wakubwa wa mji wa New Orleans walipata kibali cha kulipua tuta la Caernarvon, upande wa chini wa mto kutoka mji wao, ili maji yatokee huko badala ya mjini. Wakazi wa wilaya za huko, St. Bernard na Plaquemines, wengi wao wavuvi na wategaji wanyama, waliondolewa kwa ahadi ya fidia. Wengi waliambulia kidogo sana au hawakupata kitu. Haukupita muda, matuta ya juu ya mto yakavunjika yenyewe, ikabainika kuwa mji ungepona hata bila baruti. Anayeshangaa kwa nini watu wanaoishi chini ya mto hawaamini neno “mpango wa pamoja” aanzie hapo.

Mwaka 2011, kwenye mto huohuo, tuta la Birds Point lililipuliwa ili kuuokoa mji wa Cairo, Illinois, na takriban hekta 53,000, nyingi zikiwa mashamba, zikazama. Jimbo la Missouri, yalipo mashamba hayo, lilikuwa limekwenda mahakamani kuzuia, likashindwa. Wakulima waliumia na nyumba zilipotea, wala hilo si la kupuuzwa. Tofauti ni kwamba safari hii serikali ilikuwa imenunua haki ya kuyafurika mashamba yale miongo kadhaa kabla. Aliyelima pale alikuwa na njia ya kujua.

Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mamlaka ya bonde ipewe nguvu ya kuamua maji yaende wapi, lakini mapatano na malipo yatangulie mvua, na mji unaookolewa uchangie gharama. Fidia inayoanza kujadiliwa watu wakiwa kwenye mahema huwa ni ya kuomba.

Uholanzi wenyewe, baada ya takriban watu 250,000 kuhamishwa mwaka 1995 mito ilipojaa, waliamua kuongeza nafasi ya mito badala ya kuinua matuta tu. Katika eneo la Overdiep, serikali ilitaka eneo zima la mashamba liwe mahali pa kupokea maji. Wakulima walikuja na pendekezo lao: tuta la mtoni lishushwe, na wao wajengewe vilima vya udongo, kila kilima kikibeba nyumba na zizi la ng'ombe. Likakubaliwa. Leo mto ukizidi, malisho yanazama, ng'ombe na familia wako juu.

Vilima vilivyojengwa ni vinane. Kabla ya mpango ule, familia zilizofuga pale zilikuwa karibu mara mbili ya idadi hiyo. Nyingine zilihama.