Yatokanayo

Kamati ya harusi ya mpwa wangu ilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: walisikia nasoma uandishi. Kwao, mtu anayesoma uandishi ni mtu mwenye kalamu, basi. Sikubisha. Vikao vilifanyika kwenye baa moja ya Tabata yenye mishikaki mizuri, na katibu alikuwa halipii soda.

Mafunzo yalikuwa Jumamosi, kikao Jumapili, kwa hiyo nilifika kikaoni masomo yakiwa bado ya moto kichwani. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali mwenye kalamu nyekundu, alikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni "suala zima la". Akilikuta kwenye karatasi yako analikata kwa mstari unaotoboa mpaka ukurasa wa pili. Adui wa pili ni sifa za juu juu. Ukiandika "alikuwa mzee bahili", karatasi inarudi.

"Shaaban Robert aliweza kumwita mhusika Adili, Utubora au Majivuno, na msomaji akamjua kabla hajafungua mdomo," alituambia. "Lakini yule ni Shaaban Robert, na alishafariki tangu 1962. Wewe usiniambie bahili. Nionyeshe mkono wake unavyochelewa kufika mfukoni."

Akatupa zoezi: tembeeni na daftari, waandikeni watu mnaowaona, wanavyosema na mikono yao inafanya nini. Sasa niambie, mikono na mifuko mingi hivyo utaikuta wapi pamoja kama si kwenye kamati ya harusi?

Muhtasari wa kikao unaujua. Waliohudhuria, waliotoa udhuru, kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina, mengineyo, kufunga. Humo ndani watu wote wanafanana. "Mjumbe mmoja alichangia." "Baada ya majadiliano marefu, iliamuliwa." Jamani, utamu wote uko kwenye hayo majadiliano marefu! Kwa hiyo kwenye kaunta buku yangu niliandika kikao kama kilivyokwenda, nikipanga kuchapa baadaye toleo la heshima la kusomwa mbele za watu. Kikao kilipovunjika, mweka hazina, mwanamke mwaminifu kupita kiasi, akazoa kila kilichokuwa mezani: risiti, kadi za mfano, na daftari langu.

Jumapili iliyofuata daladala yetu ikakwama Buguruni. Nikampigia mwenyekiti kumwambia waanze, mimi nafika.

"Wala usijali," akanijibu kwa furaha. "Daftari lako tunalo. Baba Mkubwa ndiyo anavaa miwani asome."

Nilishuka daladala ikiwa haijasimama vizuri. Bodaboda aliniomba elfu tatu, nikampa bila kupatana. Bodaboda mwenyewe alishtuka.

Nilipofika mlangoni Baba Mkubwa alikuwa ameshasimama. Ni mwalimu mstaafu, na husoma kama walivyosoma walimu wa zamani: mkato anapumzika, nukta anatazama darasa, na akikuta alama ya mshangao anashangaa kweli.

"'Shangazi alisema ameshiba,'" alikuwa anasoma. "'Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma sahani ya mishikaki, taratibu, kama anayeondoa kitu kinachomzuia kuona. Iliposimama, ilikuwa mbele yake.'"

Watu wote wakamtazama Shangazi. Shangazi akaitazama sahani. Ilikuwa mbele yake.

Ningeweza kumnyang'anya Baba Mkubwa daftari. Lakini kwetu mtoto hamnyang'anyi mzee kitu kilicho mkononi mwake, hata kiwe kaburi lake mwenyewe. Nikabaki nimeshika fremu ya mlango.

"'Mjomba aliahidi laki tano. "Laki" aliitamka kwa sauti, "tano" akaimeza. Mweka hazina alipouliza laki ngapi, Mjomba akapokea simu, akatoka nje akisema "halo, halo". Simu ile haikuita. Kioo chake kilikuwa cheusi tangu alipoitoa mfukoni.'" Baba Mkubwa akasimama kidogo. "Hapa mkato umekaa vizuri sana," akasema. Ualimu hauishi.

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akatoa simu, safari hii kioo kikiwaka, akaanza kubonyeza. Simu ya mweka hazina ikalia mezani. Akausoma ujumbe, akatikisa kichwa kwa adabu, akaandika kwenye karatasi yake: laki tano. Wajumbe wengine wawili waliokuwa na ahadi tangu kikao cha kwanza nao wakaanza kupapasa mifuko. Waliona kurasa bado zipo.

Baba Mkubwa akafunua. "'Mzee mmoja akaomba kutoa neno fupi. Alipoanza, soda yangu ilikuwa na barafu. Alipofika kwenye "kwa ufupi" ya kwanza, barafu ilikuwa imeyeyuka. Alipofika kwenye "kwa ufupi" ya tatu, mhudumu alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake.'"

Akacheka mpaka miwani ikateremka puani. "Huyu ni nani huyu?" akauliza. "Kuna wazee wa ajabu!"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti aligundua kwamba kiatu chake kinahitaji kufungwa upya. Shangazi, ambaye alikuwa na kisasi cha kulipa kwa yeyote atakayejitokeza, akasema taratibu, "Endelea kusoma tu, kaka."

"'Alihitimisha kwa kutukumbusha harusi yake ya mwaka 1974, ambapo ngoma ilipasuka…'"

Baba Mkubwa akanyamaza. Akarudi juu ya ukurasa, akasoma tena kimya, midomo ikichezacheza. Akavua miwani. Akaniona pale mlangoni.

"Ndugu wajumbe," akasema, "kwa ufupi…"

Tuliondoka saa tatu usiku.

Kwenye mengineyo iliamuliwa, baada ya majadiliano marefu, kwamba nivuliwe ukatibu na nafasi ichukuliwe na Shangazi. Soda zangu zote za nyuma nikatakiwa kuzilipia. Hakuna aliyezungumzia zile laki zilizoingia jioni ile, ingawa mweka hazina alinikonyeza wakati wa kutoka.

Wiki iliyofuata niliwahi mapema na nikakaa nyuma. Shangazi akafungua daftari jipya, akakohoa, akasoma: "'Katibu wa zamani alifika shati likiwa limemganda mgongoni. Akasema "samahani kwa kuchelewa" huku macho yake yakitafuta daftari, si kiti. Akaagiza maji. Kabla hayajaletwa, akanywa ya bibi aliyekaa karibu na mlango, akamrudishia glasi na kumshukuru.'"

Walicheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Bibi mwenye maji alithibitisha.

Jumamosi nikampelekea mwalimu ule ukurasa, bila jina. Akausoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi, na hakukata hata neno moja. Akaniuliza kama ni wangu. Nikamwambia ni wa shangazi yetu, anauza vitenge Kariakoo.

"Mwambie aje," akasema. "Ada nitampunguzia."

Yangu hakuipunguza.