Tozo ya kilomita ianze na lori, si na gari dogo

Hesabu ya ushuru wa mafuta Kenya ni nyepesi. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 linachangia shilingi 2 kwa kilomita. Kuukuu linalobugia lita 12 linachangia 3, haibridi (linaloendeshwa kwa mafuta na umeme) la lita 4 linatoa 1, na la umeme halitoi hata ndururu. Yote manne yanakanyaga lami ileile, tena kwa uzito usiotofautiana sana. Magari ya umeme bado ni machache, kwa hiyo pengo halijauma. Lakini mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili iwalipe wakandarasi waliokuwa wakiidai. Aliyekwisha kula mapato ya kesho hawezi kutazama mauzo ya mafuta yakipungua akanyamaza.

Kwa hiyo kutoza gari kwa kilomita linazokwenda, badala ya lita za mafuta, nakuunga mkono. Ninachopinga ni kuanza na mwenye gari dogo kama Vitz.

Chukua lori lililotoka Mombasa na shehena. Likinywa lita 45 kwa kilomita 100, linalipa shilingi 11 na senti 25 kwa kilomita, yaani kama mara tano na nusu ya gari dogo. Na uharibifu je? Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, yaliyofanyika Ottawa, Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo yaliyozaa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: lami huumia takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaounganisha magurudumu), yaani uzito ukiwa mara mbili, uharibifu ni mara 16. Ekseli ya gari dogo hubeba karibu nusu tani. Ekseli moja ya lori yenye magurudumu manne inaruhusiwa tani 10 kwa sheria ya Afrika Mashariki. Hiyo ni mara 20, na 20 kwa kipeo cha nne ni 160,000. Ni makadirio, sawa. Kata nusu, kata nusu tena, bado mara tano na nusu ni mzaha.

New Zealand wanaifanya kazi hii tangu 1978. Kule dizeli haikatwi ushuru wa barabara pampuni, kwa sababu kiasi chake kikubwa huishia kwenye matrekta, boti na jenereta. Mwenye gari la dizeli hununua leseni ya kilomita mapema, kwa mafungu ya 1,000. Gari jepesi ni dola 76 za huko kwa fungu. Leseni huonyesha kilomita ya kuanzia na ya kuishia, na mkaguzi huilinganisha na mita ya dashibodi gari linapopelekwa kukaguliwa. Hakuna setilaiti inayomfuata mtu hadi kwa shemeji yake. Magari ya umeme yaliingizwa Aprili 2024, na haibridi za kuchaji hulipa dola 38 kwa kuwa tayari zinakatwa kwenye petroli.

Magari ya zaidi ya tani 3.5 ndiyo yenye funzo kwetu. Bei yao hufuata uzito na idadi ya ekseli, na mengi hufungwa mita kwenye kitovu cha gurudumu. Mita hiyo huhesabu mizunguko, hivyo hupimwa kwa saizi ya tairi: ukifunga tairi kubwa zaidi, kila mzunguko unakwenda mbali kuliko mita inavyodhani, na kilomita zinasomeka pungufu. Mkaguzi asiyetazama tairi atapigwa chenga mchana kweupe.

Kenya sehemu kubwa ya vifaa ipo. Uzito unapimwa Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Mizigo inayopita kwenda nchi jirani inafungwa sili za kielektroniki zinazoonyesha lilipo lori. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na matela yana namba zake, kwa hiyo kila tela linaweza kuwa na leseni yake. Ili asilipe mara mbili, mwenye lori arudishiwe zile 25 kwa lita kwa kukadiria matumizi kulingana na kilomita alizolipia, si kwa risiti. Risiti za mafuta tunazijua.

Gari dogo ni kisa kingine. Ushuru wa pampuni hukusanywa kwa waagizaji wachache, gharama yake ndogo. Wa kilomita unamfuata kila mwenye gari. Magari binafsi hayana ukaguzi wa kila mwaka, na kurudisha nyuma mita ya gari lililotoka Japani ni kazi ya dakika chache. Mahali pa kusoma mita ambapo kila mmoja analazimika kupita ni bima. Tena ni rahisi: picha ya dashibodi wakati wa kulipia, na atakayeleta namba ndogo kuliko ya mwaka jana aitwe. Tozo nayo ikatwe kidogokidogo kwa simu, kwa sababu anayekwenda kilomita 20,000 kwa shilingi 2 kila moja atadaiwa shilingi 40,000, na hakuna atakayezitoa kwa mkupuo.

Bodaboda za umeme ziachwe nje kabisa ya mita. Zinazobadilisha betri kituoni zitozwe palepale, kwa uniti za umeme zinazotoka na betri.